Maoni ya Truphena

Kule Makongeni, Truphena ndiye aliyeanzisha nyimbo matangani. Hata kilio hakikushika vizuri mpaka afike. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo mwishoni kama mlango wa kanisa.

Mwaka jana vijana wa kampuni moja ya ng'ambo walimwomba asome maneno mbele ya simu iliyorekodi sauti yake, eti utafiti wa lugha. Wakampa fulana na soda moto. Basi juzi, matanga ya mzee Kweyu, hakuitwa. Alipofika akajikuta tayari anaimba. Wafiwa walikuwa wameilipia simu ya kampuni ile iwaombolezee, na sauti ni yake, na mkwaruzo wake. Truphena akaona kama amekutana na mtu njiani amevaa chupi yake.

Ndiyo maana aliposikia kuna mswada wa kuzibana kampuni za kigeni zinazoiba vya watu, na kwamba maoni yatachukuliwa ukumbini, alifika mapema akakaa mbele.

Afisa Nzomo aliusoma mswada mbiombio, kisha akaweka simu mezani. "Ongea hapo, mama. Inaandika yenyewe."

"Ni ya nani?"

Nzomo akaitaja kampuni. Ile ile.

Mate yalimjaa Truphena mdomoni. "Mwizi ndiye mmempa kazi ya kuandika kesi?"

"Walitupa bure, mama."

"Hata mimi fulana nilipewa bure. Izime, baba, nikuambie kwa mdomo."

"Bila mashine maoni hayahesabiki."

Jacklyne, jirani ya Truphena, akamnong'oneza, "Sema tu, Truphena. Usiposema, watadai hakuna aliyeibiwa."

"Na nikisema, nimewaongezea sauti."

Kisha akainama mpaka pua ikakaribia ile simu, akalia kama mbuzi wa Kiamaiko anayevutwa kuchinjwa. Akalia tena, kwa kituo, kama anavyoanzisha wimbo. Jacklyne akadakia, kisha safu nzima, ukumbi ukageuka zizi. Nzomo akajifuta jasho kwa karatasi za mswada.

Walipochoka, simu ikasema, kwa sauti nzito yenye mkwaruzo mwishoni, "Asante sana, mama. Maoni yako yamepokelewa."

Hakuna aliyecheka. Truphena aliufunga mdomo wake kwa kitambaa cha kichwa, akatoka nje kutema mate.