Barafu kwenye Bomba Nene

Bomba nene lilikuwa limeota barafu. Saa saba mchana, mwezi wa pili, Bungoma, jua la kukausha mahindi kwa siku moja, na mimi nimechuchumaa nje ya dirisha la mama mkwe nikitazama utando mweupe kwenye bomba la kiyoyozi chake. Fundi wa kazi hii akiona barafu hiyo anajua mambo ni mawili: ama gesi imepungua, ama hewa haipiti ndani. Kule Kitale nimewafundisha wengi. Kwanza hewa, huwa nawaambia, gesi baadaye. Siku hiyo mwalimu mwenyewe alianza na gesi.

Sababu ilikuwa ukuta. Nusu ya mashine ilikuwa nje, pamoja nami. Nusu nyingine ilikuwa ndani, juu ya kitanda chake, na kwetu Wabukusu mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe. Hata mkono hampeani. Mkikutana njiani, mmoja anaacha njia. Nilikuwa nimemwoa Nasambu miaka kumi na minne, na uso wa mama yake nilikuwa naujua kwa kuibia tu, kanisani, kutoka viti vya nyuma.

Moyo wa yule mama ulikuwa umechoka. Daktari alisema joto linamwumiza. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akawa halali ila ameketi. Basi nikajitia mkwe wa maana. Kuna mkulima wa Kitale aliyekuwa anahama, na mashine yake ilikuwa ya kupasha joto na kupoza pia, ingawa kwa baridi ya kwetu hakuwahi kuiambia ipoze hata siku moja. Nikainunua, nikaipeleka Bungoma. Walubengo, kaka ya Nasambu, ndiye aliyefunga sehemu ya ndani, mimi nikimwelekeza kwa sauti kutoka dirishani kama mtu anayefukuza ng'ombe kwenye shamba la watu. Majirani walicheka mpaka wakaketi chini. Mashine ikapoza vizuri, mama akalala, na mimi nikarudi nyumbani Matisi, kule Kitale, nimevimba kichwa.

Ilipofika Februari, Phelista, mke wa Walubengo, akapiga simu. Mashine inanguruma tu, haipozi.

"Shemeji, huko ndani ni safi?" nilimwuliza nilipofika, nikiwa bado nje.

"Safi kabisa. Si mimi huipanguza kila asubuhi na kitambaa? Hata vumbi hakuna."

Sikumwuliza anapanguza nini. Nikafunga geji zangu, nikaona presha iko chini, nikaongeza gesi. Barafu ikayeyuka, nikaenda zangu. Baada ya siku tisa akapiga tena.

"Mpeleke Gichuki," Nasambu aliniambia tukiwa jikoni. "Yeye si mkwe wa mtu huko. Ataingia, aangalie, atoke."

Gichuki ana duka la ufundi karibu na langu. Nikamwuliza mke wangu kama anataka Kitale nzima iseme nimeshindwa na mashine ya wakwe zangu.

"Basi peleka blanketi, Baba Kizito. Muondoe hii aibu, uingie mwenyewe."

Njia hiyo ipo kwetu. Mkwe hupeleka blanketi na kondoo, wazee huketi, na tangu siku hiyo mnaweza kusalimiana kama watu. Miaka yote nilikuwa nikisema mwaka ujao.

"Blanketi?" nikamwambia. "Kwa mtu anayelia joto?"

Niliona nimechekesha. Yeye aliendelea kuosha vikombe.

Nikaenda mara ya pili na mtungi mpya wa gesi. Nikaongeza tena, na moyoni nilijua naongeza kwa sababu mkono ulitaka kitu cha kufanya. Nilipomaliza nikaita kupitia dirishani, macho yangu chini, nikauliza kama imeshika.

"Imeshika, baba," akajibu mama mkwe mwenyewe. Sauti yake ilikuja kwa vipande, akivuta pumzi kati ya neno na neno. "Sasa ni baridi kabisa. Mungu akubariki na hiyo mikono yako."

Nikainua macho. Jua lilikuwa limepenya dirisha la upande wa pili, na kwenye pazia nikaona kivuli cha kipande cha katoni kikienda huku na huku, polepole. Mtu anayesikia baridi hajipepei.

Niliona. Siwezi kumdanganya mtu kwamba sikuona. Nikakunja mipira ya geji, nikamshukuru kwa baraka, nikaondoka. Yeye alinifichia aibu yangu kwa sababu mimi ni mkwe wake. Mimi nilikuwa nalinda jina langu, nikisingizia mila.

Alifariki katikati ya Machi, siku ya Jumanne, kabla mvua haijaanza. Daktari alisema ni moyo, na kwamba ungefika hapo hata angelala ndani ya friji. Huenda ni kweli. Lakini wiki zake tano za mwisho alizikesha ameketi, akijipepea, na hilo si kazi ya moyo. Ni kazi yangu.

Siku ya pili baada ya mazishi, Phelista akaniambia naweza kuingia sasa, niing'oe mashine nikitaka. Nikaingia. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyokuwa nimekidhania. Katoni ilikuwa kando ya mto, ya majani chai, kona moja imelainika kwa vidole. Nikainua mfuniko mweupe wa mashine, ule Phelista aliokuwa akiupanguza kila asubuhi mpaka unang'aa. Chini yake chujio lilikuwa limeziba: vumbi, makapi ya mahindi, majivu ya miwa inayochomwa mashambani. Hewa isingepita hata kwa kuombewa.

Nililiosha kwenye bomba la maji, nikalianika juani, nikapunguza gesi niliyokuwa nimeizidisha, nikalirudisha. Kazi yote haikufika nusu saa.

Ilipoanza kuvuma nilisimama katikati ya chumba, na baridi ikanishuka shingoni. Nasambu akatokea mlangoni. Akaunyoosha mkono mbele ya mashine, akauacha hapo.

"Kumbe inaweza," akasema.

Nikatafuta rimoti nizime.

"Usizime."

Akaketi kwenye kitanda cha mama yake. Blanketi lilikuwa kitini, lile nililowapelekea wazee siku ya mazishi, bado ndani ya nailoni yake. Akairarua ile nailoni, akalifungua, akajifunika mpaka mabegani.