Mfunike, Ana Baridi

Saa moja asubuhi jua la Auburn, hapa Sydney, huingia kwa dirisha la mwisho wa korido, hupita milango kumi na miwili bila kusimama, huja kusimama kwenye mlango wako. Hapo pana kioo. Ndani ya kioo upo wewe, Nyanya Verna, wewe wa miaka ishirini na miwili, umelowa chapachapa, gauni limekuganda mwilini, mdomo wazi. Jua linakupiga, kioo kinawaka, na kila apitaye anageuza shingo.

Na wewe wa miaka themanini na tisa umesimama nje ya mlango huo huo, umeshika ukuta, hutaki kuingia chumbani mwako.

Hapa wote wanakuita Verna tu. Mimi Peninah, kwetu Kitale mtu wa umri wako haitwi jina kavu. Ninakuogesha, ninakuchana nywele, ninakulisha uji wa shayiri. Kukuita Nyanya ni haki yangu.

Katika nyumba hii ya wazee kila mlango una kisanduku cha kioo. Humo huwekwa picha ya ujanani, ili aliyesahau njia aione, ajue hapa ndipo kwake. Jirani yako wa kulia ana picha ya harusi. Wa kushoto ana farasi. Wewe, meneja aliitoa picha yako mtandaoni, akaichapisha kubwa, akaiweka kwa furaha. Hakuna aliyekuuliza, na siku hizo ulikuwa umeshaanza kupoteza majina ya siku.

Nina hasira, Nyanya. Niseme mapema, nisije nikaimumunya hadi ikawa tamu. Nina hasira na Amerika ya mwaka wa hamsini na nane, nchi ambayo sijaikanyaga. Nina hasira na mwanamume aliyeshika kamera na mwanamume aliyeshika mpira wa maji. Maana hukunyeshewa wewe, ulimwagiwa. Mwezi wa pili, asubuhi ya baridi, nje ya hoteli, ukisema hapana, na maji yakazidi kufunguliwa. Si siri. Yameandikwa chini ya picha, yameandikwa kama kichekesho. Ule mdomo wazi wanaousifu kwa tabasamu ni neno "hapana" lililokatwa katikati.

Picha ikauzwa kwenye kalenda. Ikaning'inia kwenye gereji, kwenye kambi za jeshi, kwa vinyozi, juu ya vichwa vya wanaume wanaokula mkate. Kampuni ya sinema iliyotuma ule mpira ikavuna msimu mzima, kisha ikakuita ofisini ikakusomea kifungu cha maadili kwenye mkataba wako. Msichana wetu, wakasema, hawezi kuwa wa namna hii. Wakakulowesha wenyewe, wakakufukuza kwa kulowa! Mpiga picha alipata tuzo, na picha yake hadi leo inaning'inizwa kwenye maonyesho.

Ukavuka bahari ukaja Sydney. Ukakaa miaka thelathini na moja kwenye cherehani, kiwandani huku huku Auburn, ukishona yunifomu za shule. Sketi, shati, sweta. Watoto wangapi wa mji huu walienda shule wakiwa na joto, na vifungo vyao umevishona wewe? Hayo yamo kwenye faili lako, ukurasa wa pili. Hakuna anayefika ukurasa wa pili.

Lakini hasira iliyo moto zaidi ni yangu kwangu.

Wiki yangu ya kwanza hapa nilisimama mlangoni pako, nikajipiga picha na picha yako, nikaituma kwenye grupu la familia. "Mnamwona huyu? Staa wa Amerika! Mimi ndiye namwogesha." Vicheko vikamiminika. Binamu yangu Jacky akaweka alama za moto, mstari mzima. Mjomba, mzee wa kanisa, akaandika: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Hakujua hata jina lako, gauni lilimtosha. Nami, Nyanya, nilicheka. Nilimtumia kidole gumba.

Halafu ukaanza kuvua sweta. Kila asubuhi, jua likifika kwenye kioo, unasimama koridoni, unafungua kifungo kimoja, cha pili, cha tatu, watu wanakutazama. Mmoja wa jikoni akasema mazoea yana taabu, wakacheka. Na mimi nikakukimbilia, nikakurudishia sweta mabegani, kisha nikaenda kwenye kompyuta nikaandika ripoti: Anavua nguo hadharani. Maneno matatu, siku tisa mfululizo, na chini yake jina langu.

Daktari akasoma akaamini. Kwa nini asiamini? Akaandika dawa ya kukutuliza, ianze Jumatatu. Dawa hiyo naijua. Anayeimeza hukaa kitini kutwa, kidevu kifuani, na kila mtu husema siku hizi hasumbui.

Ijumaa mikono yangu ilikuwa imejaa mashuka, sikuweza kukukimbilia. Kwa mara ya kwanza nilitazama hadi mwisho. Ulivua sweta. Ndani ulikuwa na blauzi yako, imefungwa hadi shingoni. Ukainua sweta kwa mikono miwili, ukaibandika kwenye kioo juu ya yule msichana, ukaishikilia isianguke. Ukanigeukia.

"Mfunike," ukasema. "Wote wanamtazama, na ana baridi."

Mashuka yakaniponyoka. Siku tisa ulikuwa unamvika mtu, nami naandika unavua.

Mfunike, ana baridi. Miaka sitini na saba, hakuna kalenda iliyosema hivyo, hakuna jaji wa tuzo, hakuna mzee wa kanisa. Aliyeona baridi ni wewe peke yako, na ulikuwa umesahau kwamba ni yako.

Emérance, mwenzangu wa zamu, mtu wa Bukavu, aliniona nikikipapasa kile kisanduku, nikitafuta kinapofungukia.

"Dada Peninah, weye! Acha ile photo, ni ya management. Na visa yako iko mu mikono yao. Uandike email, polepole."

"Email itajibiwa lini? Dawa inaanza Monday. Mimi ndiye niliandika huo uongo, Emérance, nine days. Mimi ndiye nitautoa."

Emérance akaenda kwenye kabati la usafi, akarudi na bisibisi, akanishikia kioo nikifungua.

Ripoti za hapa hazifutiki, ya kwanza hubaki palepale. Basi nikaandika ya kumi chini ya zile tisa: Havui nguo. Anamfunika msichana aliye kwenye picha. Picha inamtisha. Nimeitoa mimi, Peninah. Nikamwita muuguzi mkuu aisome nikiwa nimesimama. Akaisoma mara mbili, akavua miwani, akampigia daktari. Dawa ikasitishwa. Jioni meneja akanitumia ujumbe: ofisini, Jumatatu, saa nne.

Kwenye grupu la familia niliandika: "Ile picha niliyotuma, futeni. Nilimkosea huyo mama, na ninyi mlimkosea." Wote wamesoma. Mjomba amesoma.

Leo ni Jumatatu. Ofisini sijaenda bado, na naogopa, sikufichi. Viza yangu iko kwa hawa watu, kodi ya nyumba iko kwa viza hiyo. Wakiuliza nani alinipa ruhusa, nitasema ni wewe. Ulinipa kwa sauti, mara moja, na mimi nilikuwa nimechelewa siku tisa.

Saa moja. Jua limeingia kwa dirisha la mwisho, limepita milango kumi na miwili, limefika kwako. Kioo kipo, lakini ndani yake sasa kuna ile sweta yako ya kijivu, nimeikunja, vifungo mbele. Sufu haiwaki. Wapitaji wanapita.

Umesimama. Unatafuta kwa macho, huku na huku.

"Ameenda wapi?"

"Amevaa, Nyanya. Ameenda kwake."

Unasogea. Kidole chako kinapita juu ya kioo, kifungo baada ya kifungo, kutoka shingoni hadi chini, kama fundi anayekagua kazi kabla haijatoka kiwandani.

"Cha tatu kimelegea," unasema. "Ila kitashika."

Kisha unasukuma mlango, unaingia chumbani mwako, na kabla sijauliza kama unataka chai unanifungia. Jua limebaki nje, nami nimebaki nje pamoja nalo.