Wote Walioitika Nukta na Nyota

Katika milima ya Masisi, hata mtoto alijua kwamba amwitaye mtu kwa redio sharti amlishe atakapofika. Ndiyo maana Mama Nyiransabimana, mkulima wa Ngungu, aliingia katika kituo cha redio ya parokia akiwa na sufuria ya viazi na maharage kichwani. Mwanawe Habineza alikuwa amekamatwa na wenye silaha kwenye barieri, kizuizi chao cha barabarani, tangu msimu wa kupanda.

Matangazo yote ya watu waliopotea vitani, Kétsia, karani wa redio, aliyachapa na kuyahifadhi katika ordinateri, yaani kompyuta.

“Tafuta jina yake, dada.”

“Jina haitasaidia, Mama. Kule vijana banabadilisha majina. Tutafute vile balimukamata.”

Akaandika: alikamatwa.*barieri. Nukta husimama badala ya herufi yoyote. Nyota huiruhusu ijirudie itakavyo, hata maneno yoyote yaweze kukaa kati ya “alikamatwa” na “barieri”. Kila familia ilikuwa imelia kwa maneno yake, lakini mstari ule mmoja uliwasikia wote. Ulikuwa mfupi, usio na neno la ziada, kama mshono wa fundi anayejiheshimu.

Alipobonyeza, vijana wakaanza kuingia. Nje mvua ilinyesha. Walipangusa miguu, wakasalimu, wakajipanga kwa tarehe za matangazo yao, wa Pinga kando ya wa Ngungu, hadi foleni ikatoka nje na kupita kanisa. Hakukosekana aliyestahili, wala hakuja asiyehusika.

“Nyota yako iko na ulafi, Kétsia,” alisema Papa Kataliko, mtangazaji. “Nani atalisha bote hawa?”

“Mwenye aliita,” akajibu Mama Nyiransabimana, akafunua sufuria.

Wachache walikuwa wamelowa. Wengi nguo zao zilikuwa kavu, kwa kuwa mvua haiwalowanishi marehemu. Kétsia akasoma matangazo yao: barieri ilikuwa ileile moja, na kamanda yuleyule. Papa Kataliko akayasoma hewani, asiruke hata moja. Huko kwenye barieri, kamanda aliyasikiliza redioni mpaka mwisho, kisha akaenda kusimamisha lori lililofuata.

Habineza alipofika mbele, mamaye akamshika bega. Shati lilikuwa kavu.

“Kula, mwanangu. Ongeza.”

“Inatosha, Mama. Huyu wa nyuma yangu hayakula bado.”

Akampakulia wa nyuma, na aliyefuata, mpaka foleni ikaisha na kijiko kikakwaruza chini. Sasa hakudaiwa na mtu. Akaosha sufuria, akashika njia ya Ngungu. Kwenye barieri askari walimwamuru aifunue, wakaiona tupu, wakamwacha apite.