Kilo Nne na Nusu za Kaneza

Jumanne saa tatu asubuhi, kwenye zahanati ya kijijini kwao Katumba, makazi ya waliokimbia Burundi zamani, Vestina alimvisha binti yake ile suruali ya kupimia na kumtundika kwenye mzani. Nesi Dorice akafungua kadi.

"Jina?"

"Edina Sospeter."

Mshale haukusogea. Dorice aligonga kioo cha mzani kwa ukucha, akamtazama mtoto: mashavu tele, anapiga mateke hewani. Sifuri.

"Hana jina lingine?"

"Bibi yake anamwita Kaneza."

Mshale ukaruka hadi kilo nne na nusu, ukatulia hapo. "Haya, afadhali," Dorice alisema, akaandika kwa penseli. "Mkamalizane huko nyumbani. Ukileta cheti cha kuzaliwa ndiyo nitaandika kwa kalamu."

Sospeter, baba mtoto, hakuuamini mzani wa zahanati. Mchana huo alimbeba mtoto mpaka ghala la chama cha ushirika, kwa Manyanda, ambaye amepima marobota ya tumbaku miaka ishirini na hadanganywi na mtu. Manyanda alitandika gunia safi, akamlaza. Akaita Edina: sifuri. Akaita Kaneza: nne na nusu. Alirudia mara tatu, maana ndiyo kawaida yake, kisha akamwomba Sospeter apishe, kuna watu na tumbaku zao.

Kwa bibi Générose, mama yake Sospeter, kesi ilikuwa imekwisha. Kaneza ni jina alilolitoa yeye, la Kirundi, maana yake kitu chema, na sasa hata vyuma vimekubali. "Yoo! Mnataka ushahidi gani tena?"

"Mama, mzani hautamwombea nafasi ya chuo," Vestina alisema. Sauti ilimpanda bila mwenyewe kutaka, na kwa mkwe si adabu.

Alikuwa na sababu. Miaka sita nyuma alichaguliwa kusomea unesi. Kwenye dirisha la usajili chuoni mtu alisoma jina lake, Vestina Ndayizeye, akamwambia akae pembeni kwanza, alete vielelezo vya babu yake. Cheti chake cha uraia kilikuwa mkobani. Alikitoa, kikatazamwa mbele na nyuma, akaambiwa akae pembeni. Alirudi mara nne, na mara ya nne wenzake walishaanza masomo. Jambo hilo lilimuuma wakati ule na lilikuwa likimuuma bado. Kila kliniki alimwonea wivu Dorice na gauni lake jeupe, ila hilo hakumwambia mtu.

"Sema wewe, si ndiye mama," alisema Sospeter, akainuka kwenda kunawa mikono. Mwanaume mzima! Kunawa kwenyewe kulichukua nusu saa.

Ijumaa Vestina alipanda bodaboda kwenda Mpanda, mtoto mgongoni. Bibi alikuwa amemuaga mjukuu kwa lile jina lake la Kaneza, kwa hiyo mtoto alikuwa mzito na amelala fofofo. Kwenye ofisi ya vyeti vya kuzaliwa foleni ilikuwa fupi, lakini benchi la ukutani lilikuwa limejaa. Mwanamke aliyemtangulia alitaja jina la mwanawe, Niyonkuru. Karani akaweka kalamu chini.

"Nyie kwenu wapi?"

"Katumba."

"Kabla ya Katumba?"

"Nimezaliwa Katumba."

"Kaa pale kwanza, mama."

Waliokaa wakasogeana, akapata pa kukaa. Wote wa benchi lile walipakata watoto wazito, wa kulemea magoti, na mmoja wa watoto hao, kwenye paja la mama yake, alishaanza kuota ndevu. Mama yake alikuwa akimfuta jasho kwa upole.

"Anayefuata. Jina la mtoto?"

Vestina alisogea dirishani. Mgongoni aliusikia uzito wote, na joto la shavu, na ile pumzi ndogo. Alitamani, Mungu anajua, kusema Kaneza. Akatazama benchi. Wakisogeana tena, angeenea.

"Edina," alisema. "Edina Sospeter Gervas."

Mgongo ukawa mwepesi. Karani hakuuliza la pili. Mashine ikatoa cheti, naye akakinyanyua kwa mikono miwili, akihema kidogo, na kukisukuma dirishani. "Shika vizuri, kizito hicho." Vestina alikipokea kifuani. Hakuhitaji mzani kujua ni kilo nne na nusu.

Mwezi uliofuata, kliniki, Dorice alikitundika cheti kwenye ndoano ya mzani. Kilo tano na robo. Akaandika kwa kalamu, akachora mstari wa kadi ukipanda. "Edina anakua vizuri. Hongera."

Vestina alikuwa amemshika mwanawe mguu asije akapaa akaishia darini. Angeweza kumwita kwa lile jina, kwa sauti ndogo tu, na mtoto angeshuka. Lakini foleni ilikuwa ndefu na masikio ni mengi. Jina hilo siku hizi lilikuwa la nyumbani, mlango ukishafungwa.

"Na huyu?" aliuliza.

Dorice alikuwa ameshaanza kuita mwingine. "Huyu mfunge vizuri, Mama Edina. Nje kuna upepo."