Paka Aliyefeli Akiwa Amepona

Mkaguzi alianza kulamba midomo kabla ya kula. Paka hulamba midomo akishamaliza, na yeye alikuwa hivyo siku zote. Sasa alikuwa anafika kwenye sahani, ananusa, analamba midomo mara tatu nne, anameza mate, halafu anaipa sahani mgongo kama mtu aliyetukanwa. Nilimwona hivyo siku nne kabla ya kusema. Niliposema, shangazi alijibu bila kugeuka, "Anaringa huyo. Mbadilishie sahani."

Nilimbadilishia. Akatapika juu ya ile mpya.

Shangazi ni dada wa baba. Alikuwa mwalimu mkuu miaka thelathini na moja, akastaafu na kasha zima la kalamu nyekundu. Jina la Mkaguzi alimpa paka yeye mwenyewe, kwa sababu tangu mdogo alikuwa anaingia kila chumba, anaangalia pembe zote, anatoka bila kusema neno, na wewe unabaki unajiuliza umekosea wapi. Mimi nilikuwa na mwaka wa nne pale nyumbani. Nilipika, nilifua, na paka alikuwa wangu kwa kazi zote isipokuwa kumwita wangu.

Mwezi wa pili wa ugonjwa Mkaguzi alikuwa amebaki mifupa na macho. Tukampeleka kwa daktari wa wanyama, kijana mpole mwenye koti jeupe lililojaa manyoya ya wagonjwa wake. Alimpima, akamminya tumbo, akatueleza polepole.

"Utumbo wake umevimba kwa ndani, Mwalimu. Hakuna mdudu wa kumuua. Mwili wake wenyewe unaupiga vita utumbo wake."

"Atapona?"

"Kupona kabisa, hapana. Lakini anaweza kuishi nao vizuri. Ale nyama ya aina moja tu, sungura, ya kuchemsha, bila chumvi wala kiungo. Nusu kidonge kila asubuhi. Na hii hapa mjaze kila Jumamosi, mnipigie picha mnitumie kwa simu."

Ilikuwa fomu. Juu iliandikwa *Hali ya Maisha ya Mgonjwa*, na chini kulikuwa na mistari sita: kula, kunywa, choo, maumivu, usafi, furaha. Ilikuwa imetolewa nakala juu ya nakala mpaka maelezo ya juu yameliwa. Kilichosomeka ni hiki tu: weka namba, 1 hadi 10.

"Jumla ikiwa chini ya thelathini wiki mbili mfululizo," daktari alisema, "mje tuzungumze. Kuna wakati kumwacha mnyama aishi ni kumtesa."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Mambo ya jumla aliyaelewa.

Jumamosi ya kwanza alinipa fomu na kalamu. "Wewe ndiye unayemwona kutwa."

"Namba naziweka vipi, Shangazi?"

"Moja hadi kumi! Hata mtoto wa chekechea anajaza hiyo."

Baada ya jibu hilo sikuwa na swali la pili. Mimi niliishia darasa la tano, na kuhusu namba nilibeba jambo moja kutoka huko. Siku ya kufunga shule walisoma matokeo mbele ya wote. Namba moja alitoka mbele akapigiwa makofi. Namba mbili alipigiwa kidogo. Sisi wa hamsini na kitu tulikuwa tunaangalia vidole vya miguu. Kwa hiyo nilijua mzuri yuko wapi na mbovu yuko wapi.

Wiki ile Mkaguzi alitapika mara tano, choo chake kilikuwa maji matupu, na siku mbili alilala nyuma ya friji hataki kuguswa. Kula nikampa tisa. Choo, kumi. Furaha, kumi. Jumla ilikuwa hamsini na tatu. Shangazi alivaa miwani, akajumlisha, akachukua kalamu nyekundu akaandika pembeni: *Vizuri sana*.

Nilishangaa, paka yuko hoi. Halafu nikaelewa kwamba anasifu mwandiko wangu. Nilifurahi siku nzima.

Wiki ya pili alipata arobaini na nane. *Vizuri. Asilegee.*

Kisha sungura akaanza kufanya kazi yake. Mkaguzi akala. Akaanza kujilamba mgongo, jambo alilokuwa ameliacha. Choo kikaanza kushikana. Nikampandisha darasa, yaani nikamshushia namba, thelathini na moja. Shangazi akaandika, *Ameshuka. Tatizo nini?*

Nikajua mwandiko umeharibika. Wiki iliyofuata nilitafuta rula nikapiga mstari chini ya kila namba. Jumla ilikuwa kumi na tisa. Shangazi hakuandika kitu. Alipiga simu, na daktari akasema tumpe kidonge kizima badala ya nusu. Kidonge kizima kilimfungulia Mkaguzi hamu ya kula ambayo sijaiona kwa kiumbe yeyote. Alikula sungura, akalamba sufuria, akaja kuniangalia mimi kwa jicho la kupima. Wiki ya tano nikampa tisa jumla, na roho yangu nyeupe.

Shangazi akalia. Akapiga simu tena, akapewa siku ya sindano ya mwisho: Ijumaa, si ile ya kwanza, ya pili yake.

Tangu namba zianze kushuka, alikuwa na desturi mpya. Kila saa kumi jioni alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza, "Leo vipi?"

"Amekula yote. Ameruka mpaka dirishani."

"Anajikaza," alisema akitikisa kichwa. "Hataki tuumie."

Siku moja alimkuta anakimbiza kizibo cha chupa chini ya meza, anakipiga, anakidaka, anakipiga tena. Alitoka mbio ameshika mdomo. "Anatuaga," alisema.

Jumatatu yake akaja jirani yetu, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Pindo. Mimi nilikuwa uani nafua.

"Mwalimu! Paka wako ameniibia samaki! Mzima mzima, na kichwa chake!"

"Nisamehe, jirani. Ni mgonjwa yule. Yuko hatua za mwisho."

"Hatua za mwisho zipi? Ameruka ukuta na samaki mdomoni!"

"Ndizo nguvu za mwisho hizo. Ana tisa kwa sitini."

"Tisa nini?"

"Alama. Wazima wanakwenda huko hamsini, sitini. Yeye kwenye furaha ana moja. Moja, jirani! Chini ya hapo hakuna kitu."

"Basi na mimi naiomba hiyo moja yake," Bi Pindo alisema. "Maana mwenye huzuni sasa hivi ni mimi, na samaki wangu."

Nilikuwa nakamua shuka. Nililikamua mpaka maji yakaisha, nikaendelea kukamua.

Niliingia ndani nikazitoa fomu kwenye droo, nikazisoma upya kuanzia ya kwanza, pamoja na maneno mekundu. Mkaguzi alikuja akalala juu yake, kama anavyolala juu ya kila karatasi inayosomwa na mtu. Nikajisemea nitamwambia Shangazi jioni. Jioni sikupata nafasi. Kesho yake pia sikupata nafasi.

Nilichoweza ni kungoja Jumamosi, nikaandika namba za kweli. Hamsini na saba. Shangazi aliziangalia, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii nini?"

"Ndivyo alivyo, Shangazi."

"Kutoka tisa hadi hamsini na saba? Ndani ya siku saba? Unajua wanafunzi walikuwa wananiitaje? Darubini. Nimemkamata mtoto aliyeandika majibu kwenye unyayo, wa kushoto, amevaa soksi."

"Ndivyo alivyo kweli."

Alinitazama, na uso wake ukalainika. "Unampenda. Hata mimi. Lakini kumpandishia mgonjwa alama si kumsaidia." Akapiga mstari mrefu katikati ya fomu, akaandika *Udanganyifu*, na chini yake akaweka jumla yake mwenyewe, nane. Kisha akaniwekea mkono begani, na mkono ule ulikaa muda mrefu.

Alhamisi aliniomba nichimbe shimo karibu na tangi la maji. Nilichimba. Udongo ulikuwa laini, kazi ya nusu saa. Nilipopumzika Mkaguzi alikuja, akakagua pembe zote nne, akashuka ndani, akachuchumaa, akajisaidia. Choo kigumu, cheusi, safi, ambacho ungeweza kukiokota kwa karatasi na mkono ubaki mkavu. Akakifukia kwa uangalifu akatoka.

Shangazi alikuwa dirishani. "Ameshapakubali mahali pake," alisema, akafunga pazia.

Ijumaa asubuhi tulimtia kwenye tenga juu ya shuka jeupe nililolipiga pasi mara mbili kwa amri. Njia nzima alipiga kelele, si za maumivu, za mtu anayetaka kujua nani anahusika hapa. Shangazi aliniambia nisimwangalie machoni.

Daktari alimweka kwenye mizani. Akainama. Akamtoa, akamrudisha.

"Kilo nne na gramu mia moja. Mara ya kwanza alikuwa mbili na mia tisa."

"Mizani yako mbovu, Daktari."

Daktari akaweka juu ya mizani chupa ya dawa iliyoandikwa uzito wake. "Mizani iko sawa, Mwalimu."

"Basi ni maji. Amejaa maji."

Daktari akamminya tumbo. Mkaguzi akaanza kunguruma, ile ngurumo yake ya starehe, chumba kizima kikasikia. "Wananguruma hata wakiwa na maumivu," daktari alisema, lakini alisema kama anayejikumbusha kitabu. Akazishika fomu tulizokuja nazo akazipekua. "Hizi nimekuwa nazipata zote. Huyu alianza vizuri sana, halafu… sijawahi kuona mgonjwa anayeporomoka hivi."

"Karatasi ziko wazi," Shangazi alisema. "Tusimtese, Daktari. Fanya."

Daktari akamnyoa kidogo mguu wa mbele, mahali pa sindano. Mkaguzi akaing'ata mashine. Daktari akavuta dawa, ya rangi ya waridi, akaiweka sindano kwenye trei. Akasema, kwa ile sauti ambayo nadhani huitumia kila mara, "Kama kuna mtu anataka kumwambia neno, nawapa dakika moja."

Shangazi alisimama wima, akamwambia Mkaguzi maneno kama ya siku ya mahafali. Alimshukuru kwa utumishi wake. Alisema hakuwahi kuchelewa.

"Na wewe, dada?" daktari akaniuliza.

Nilisema, na daktari ilibidi aniinamie kusikia, "Namba ziko kichwa chini miguu juu."

"Namba zipi?"

"Zote. Wa kwanza ndiye namba moja. Kumi ni ile siku aliyolala nyuma ya friji. Moja ni ya kizibo." Nikaona bado ananitazama. "Nilimpanga kama darasani. Huyu amekuwa wa kwanza wiki tatu."

Daktari alichukua fomu ya kwanza na ya tano akaziweka sambamba. Mabega yake yakaanza kutikisika, akajizuia kwa sababu ya Shangazi. Akaichukua ile trei akaipeleka mbali, juu ya kabati kabisa.

"Mwalimu," alisema, "mpeleke nyumbani. Tumrudishe kwenye nusu kidonge kwanza, halafu tutaendelea kushusha. Na ile fomu ya Udanganyifu, nipe hiyo ndiyo niiweke kwenye faili."

Shangazi alizisoma fomu zote amesimama, moja moja, na maneno yake mwenyewe pembeni. "Miaka thelathini na moja," alisema. Tukatoka nje. Pale nje akaniuliza, "Kwa nini hukuuliza?" Nikamwambia sikujua kama kuna la kuuliza.

Mkaguzi anaishi. Hajapona kabisa, kama tulivyoambiwa; mwezi huu ametapika mara mbili, na kuna siku hukataa sungura na kukaa peke yake, na siku hizo tunamwacha. Siku nyingine zote ananenepa na kumnyima Bi Pindo usingizi. Fomu anajaza Shangazi mwenyewe, na ameandika maelezo ya juu kwa mkono, kwa herufi kubwa. Saa kumi jioni anakuwa sebuleni, paka amelala magotini mwake, wanaangalia taarifa. Jikoni hakuna sababu ya kuja tena.

Kisa hiki ameshawasimulia watu wengi, na huwa mwema sana akifika sehemu yangu. Anasema, "Masikini, hakujua. Si kosa lake, aliishia la tano." Wageni hunitazama kwa huruma, na mimi huinamisha kichwa na kuwapelekea chai.

Nilijua. Tangu ile Jumatatu ya samaki mpaka Ijumaa ya sindano ni siku kumi na moja, na katika siku hizo nilipiga pasi shuka na kuchimba shimo nikijua. Nilipokuwa nasema sikupata nafasi, nafasi ilikuwa imekaa mbele yangu kila jioni, inaniuliza leo vipi, na nyumbani hatuna mtu mwingine. Aibu ilikuwepo, ndiyo, lakini si aibu iliyonizuia. Kwa miaka minne pale ndani hakuna aliyewahi kukaa akaniuliza kitu na kungoja nimalize kujibu. Nilijua paka akipona Shangazi hatakuja tena jikoni, na kila jioni nilitaka aje mara moja zaidi.