Vigoda Vyekundu vya Zindoro

Nchi ya Zindoro imejipachika ubavuni mwa milima mitatu, mtaa juu ya mtaa na ngazi juu ya ngazi, kiasi kwamba anayetaka kuomba chumvi kwa jirani hana budi ama kupanda ama kushuka, na sehemu tambarare ya nchi nzima ni ukumbi wa ikulu peke yake, uliosawazishwa kwa jasho la watu wasioruhusiwa kuingia humo.

Ukumbini ndiko walikoketi wakuu, na nasema waliketi kwa maana hasa. Katika Zindoro ukubwa wa mtu ulipimwa kwa ulaini wa nyayo zake, na waziri aliyeonekana akitembea kwa miguu yake mwenyewe alisengenywa wiki nzima. Walibebwa kwa machela kwenda barazani, wakabebwa kwenda mezani, na mkuu wao, Mtukufu Tandamani, aliimbiwa na watoto wa shule kwamba kwa miaka kumi na minane viatu vyake havijaguswa na vumbi. Sizidishi chumvi. Viatu vyenyewe nimeviona, na soli zake zinang'aa kama sahani za wageni.

Kisha ikaja homa ya mkwaruzo, ugonjwa wa kifua uliohama kutoka pumzi hadi pumzi, nao uliua kweli. Watu walizika, na hapo sina mzaha. Kufunga milango kulikuwa busara na Wazindoro walikubali bila ubishi. Lakini Baraza halikutosheka na milango. Lilikaa, likawaza, likafikia uamuzi kwamba ugonjwa hausafiri ila kwa miguu ya watu, kwa hiyo mwenye hatia ni mguu, hata ukiwa chumbani. Ikatoka Amri ya Kukaa: kila mtu mzima aketi nyumbani kwake kuanzia asubuhi hadi jioni, tena aketi juu ya kigoda cha serikali, kifupi, kizito, kilichopakwa rangi nyekundu. Waziri aliyetoa wazo la vigoda ndiye aliyekuwa na msitu, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja kwa sauti. Rangi nayo ilikuwa na kazi yake. Makarani wa Utulivu waliacha miezi mitatu ya kwanza ipite, kisha wakapita kila mwezi wakivikagua vigoda kupitia madirishani: kilichochujuka ni cha raia mtiifu, kinachong'aa ni cha mkaidi anayezurura.

Katika Mtaa wa Ngazi Arobaini aliishi Sikitu, msusi wa mikeka, na mumewe Feruzi, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa tarishi, akipeleka barua kwa miguu kutoka mlima hadi mlima. Wiki ya kwanza ya Amri Feruzi alitania. Wiki ya pili alinyamaza. Ya tatu alijilaza mkekani, akaugeukia ukuta, na hakugeuka tena. Kifua chake kilikuwa kizima. Ni yeye aliyekuwa amezimika. Sikitu alimpikia kunde za nazi anazozipenda, zikapoa. Alimwinamia, akakuta macho wazi yasiyotazama kitu. Alimchokoza, akamsimulia habari za mtaani, akamlilia. Wiki kumi na moja zikapita bila neno, na mwanamke yule akaanza kuogopa kwamba ameolewa na mgongo.

Ndipo Karani Pongwa alipochungulia dirishani.

"Hodi humu! Mama, mbona kigoda cha mzee bado kipya?"

"Ndicho hicho mlichotupa, baba. Mume wangu hajisikii kukaa. Hajisikii chochote."

"Amri haina habari ya kujisikia, mama. Nikirudi mwezi ujao nikakikuta hivi, mzee anakwenda Nyumba ya Mafunzo, akafundishwe kukaa."

Sikitu aliijua nyumba hiyo. Waliotoka huko walitoka wamesahau majina ya watoto wao.

Akakikalia kigoda cha mumewe yeye mwenyewe, siku saba, akijisugua kwa bidii. Lakini alikuwa mwepesi na rangi haikutetereka. Akajaribu mchanga, ukaacha mikwaruzo ambayo hata karani mvivu angeitambua. Siku ya nane alipanda juu ya kigoda ili kushusha furushi la ukili darini, na aliposhuka akaona kisigino chake kimebandua kipande cha rangi. Akapanda tena, akashuka. Mguu wa kulia juu, wa kushoto ukafuata. Aliendelea mpaka jasho likamtiririka kidevuni. Alifanya hivyo kwa ajili ya rangi tu, lakini alipokaa kupumzika aligundua kwamba tangu asubuhi hajalia.

Siku ya tatu ya kupanda na kushuka, sauti kavu ikatoka mkekani.

"Unakanyaga vibaya."

Sikitu akaganda juu ya kigoda, hata kushuka akaogopa.

"Unatua na kisigino," sauti ikaendelea. "Tarishi hatui na kisigino. Magoti yatakwisha kabla hujafika Mto Pwaju."

"Si unionyeshe basi, bwana wee."

"Kesho," akasema Feruzi.

Na kesho yake alisimama. Akaanguka mara moja sakafuni, akainuka, akapanda na kushuka mara sita. Kisha akakaa chini, akalia kwa kwikwi, na alipomaliza kulia akauliza kama kuna kunde.

Baada ya wiki moja Bi Tausi, jirani yao, alishindwa kuvumilia, akagonga ukuta.

"Sikitu! Mnatwanga nini humo kutwa?"

"Tunatembea, shoga!"

"Kwenda wapi, na milango imefungwa?"

Feruzi akasogeza mdomo kwenye ufa wa ukuta. "Leo tunaishia daraja la Mto Pwaju. Panda kigoda chako, twende."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Ufa ukapeleka habari kwa ufa, na kila asubuhi mtaa mzima ulipanda na kushuka juu ya mali ya serikali, milango imefungwa vilevile na pumzi ya kila mtu ikibaki nyumbani kwake, huku Feruzi akiwapitisha kwa sauti katika njia zake za zamani. "Hapa kona ya waoka mikate, vuteni harufu! Sasa mteremko, taratibu! Mbwa wa Mzee Shomvi huyo, ongezeni mwendo!" Watu walicheka ndani ya kuta zao. Waliokuwa hawali wakala, waliokuwa hawalali wakalala. Mimi niliyeandika habari za mitaa mingi sijaona mtaa uliofungiwa ukiwa na furaha ya namna ile.

Pongwa aliporudi akakuta vigoda havina rangi hata chembe, mbao tupu zimelainika. Machozi yalimlengalenga.

"Hongereni, mama. Mmekaa hasa."

"Tumejitahidi, baba," akajibu Sikitu.

Wakati huo homa ilikuwa imekwisha. Waganga wa serikali walipeleka taarifa mara tatu kwamba mgonjwa wa mwisho amepona, lakini Amri haikuondolewa, na sababu ilifichwa ikulu. Kwa sheria ya Zindoro amri hutolewa na mtawala aliyeketi, na huondolewa na mtawala aliyesimama. Mtukufu Tandamani hakuweza kusimama. Miezi yote ile hakuwa ameinuliwa kitini, na miguu ilikuwa imemwacha. Alilia akinywa chai bila kujua kwa nini, na mawaziri walitazama pembeni. Ili kuvuta muda, Baraza likaamua kumpa Nishani ya Utulivu mkaaji bora wa nchi, nayo ripoti ya Pongwa ikamtaja Feruzi.

Wakamletea machela. Feruzi akawaambia wabebaji wapumzike, akazipanda ngazi zote hadi ikulu, Sikitu pembeni yake na kigoda kichwani kama ushahidi, Karani Pongwa akibaki nyuma akihema. Watu waliwaona wakipita. Mmoja akafungua mlango, kisha wa pili, kisha Bi Tausi akavuka kizingiti chake.

Ukumbini Mtukufu aliinama kubandika nishani, mkono haukufika. Sikitu akamtazama machoni, na hofu yote ikamtoka, maana aliyajua macho yale. Alikuwa ameishi nayo zaidi ya wiki kumi na moja. Akakiweka kigoda miguuni pa Mtukufu.

"Hizi ni alama za nyayo!" akapiga kelele waziri mwenye msitu. "Mlikuwa mnakikanyaga!"

"Ndiyo, baba. Tulikaa mpaka tukataka kufa, ndipo tukapanda." Akamgeukia Mtukufu. "Shika mkono wa mume wangu. Mguu wa kulia kwanza, na usitue na kisigino."

Hakuna aliyewaita walinzi. Mtukufu alikitazama kigoda cha serikali yake.

"Nikianguka?"

"Utaangukia zulia, Mtukufu," akasema Feruzi. "Mimi niliangukia sakafu."

Kutoka nje ikapanda sauti ya miguu mingi. Waziri mwenye msitu aligeuza shingo kuelekea dirishani, akauona uwanja umejaa.

"Nani amewaruhusu hawa? Mtukufu hajasimama!"

Pongwa ndiyo kwanza alikuwa anafika mlangoni, ameshika kiuno.

"Nimewauliza, mheshimiwa," akasema akitafuta pumzi. "Wanasema asiharakishwe. Watamngoja huku wakitembea."