Jora la Kijani la Donatille

Alhamisi ile gazeti lilipomtaja Donatille, mashine zote za kushonea za baraza la mafundi pale Muhima zilinyamaza, isipokuwa ya kwake yeye.

Alikuwa hajasikia? Alisikia. Alikuwa akishona tu, mguu ukikanyaga, macho kwenye sindano, kama mtu anayejua kwamba akisimama ataanguka. Bibi Nyirarukundo alimwona vizuri, maana kigoda chake kilikuwa nyuma ya mashine hiyo. Bibi huyu hakuwa na mashine. Kazi yake ilikuwa matundu ya vifungo, kwa mkono, na hakuna shati lililotoka baraza lile bila kupita mapajani mwake.

Kila Alhamisi Usumani, mkubwa wa mafundi, alinunua gazeti akalisoma kwa sauti, Kinyarwanda kwanza, kisha Kiswahili kwa ajili ya wale waliotoka Bukavu. Msomaji hashoni, kwa hiyo wenzake walimshonea mishono yake ya siku hiyo. Ulikuwa utaratibu mzuri. Halafu vita ikaanza, Oktoba ya mwaka wa tisini, waasi wakitokea Uganda, na magazeti nayo yakaota meno. Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, na meno yamekomaa.

"'Mwanamke Donatille, fundi wa Muhima,'" Usumani alisoma, "'ameingiza mita sitini za kitambaa cha kijani. Dada yake amesomea Uganda. Kila mwenye akili anajua kwamba hizo ni sare za adui. Wananchi wasingoje kuambiwa la kufanya.'"

"Na ni kweli!" Nasiri, fundi mwenzao, aliruka kutoka kitini. "Hilo jora nimelibeba mimi mwenyewe kutoka sokoni Nyabugogo, begani hapa! Kijani! Mita sitini! Na dada yake kweli alisomea Kampala. Wallahi, hawa watu wa gazeti hawakosei."

Mashine ya Donatille ikaendelea kulia peke yake.

Kabla chai ya saa nne haijaja, Munyakazi alifika. Huyu ndiye aliyekuwa responsable wa seli, yaani mkuu wa serikali wa mtaa ule, mwenye kuandika nani kahamia na nani kalala kwa nani. Alikuja na barua iliyokwisha pigwa taipu. Sisi mafundi, ilisema, tumeona kwa macho yetu Donatille akishona sare za adui. Chini yake mistari kumi ya sahihi.

"Jambo dogo tu," Munyakazi alisema. "Majina yenu, basi. Nikiyapeleka, leo jioni wanakuja kumchukua, wamuulize maswali mawili matatu."

Maswali mawili matatu! Ndivyo walivyosema hata walipomchukua mume wa Donatille, mwaka ule wa tisini. Alirudi baada ya miezi saba, na mpaka leo mkewe humlisha kwa kijiko.

Nasiri alikuwa wa kwanza kutia sahihi. Kalamu ikapita kwa Usumani.

Hapo ndipo hasira ilipompanda Bibi Nyirarukundo kutoka nyayoni. Alisimama, vifungo vikamwagika sakafuni, hakuvitazama.

"Usumani, lete hilo gazeti."

"Mukecuru, bibi kizee wee, hili ni jambo la serikali," Munyakazi alisema. "Kwani wewe unajua kusoma?"

"Nilifika darasa la tano. Wewe ulifika la ngapi, tukupe pole?"

Alilitandaza gazeti juu ya meza ya kukatia, akachukua chaki ya fundi. Akamgeukia Nasiri.

"Mwaka jana ulinunua jora gani pale Nyabugogo?"

Nasiri aliinamisha kichwa. Baraza zima lilikuwa linajua. Lilikuwa la kaki, zuri ajabu kwa nje, na ndani limeliwa na panya mpaka kwenye ubao wa katikati.

"Uliangalia mizunguko mingapi?"

"Miwili, Bibi."

"Na leo umeangalia miwili tena, mpumbavu wewe! Ni kijani, ndiyo. Ni mita sitini, ndiyo. Ukanunua jora lote! Leo tunalikunjua mpaka kwenye ubao. Kitambaa kijani: nani kaona?"

"Mimi," Nasiri alisema kwa sauti ndogo.

Chaki ikapita chini ya maneno.

"Mita sitini?"

"Mimi nilipima," alisema Usumani.

"Dada kusomea Uganda. Donatille?"

"Ni kweli, Bibi." Hakuinua macho.

"Haya. 'Kila mwenye akili anajua.' Ni nani huyo? Anakaa wapi, nikampigie hodi? 'Sare za adui.' Nani kaona sare? Hata mguu mmoja wa suruali! Inueni mikono!"

Mikono ilikaa mapajani.

"Hapa chaki yangu haipiti. Haya hayakuonwa na mtu. Haya ni mawazo ya mwanamume aliyekaa mezani na kalamu yake, akayashonea kwenye kitambaa chetu ili yafanane na ukweli. Na nyinyi ni mafundi! Mshono mnaujua!"

Alifika ukutani, akaangua joho dogo la kijani lenye kola nyeupe, akalitupa juu ya gazeti.

"Matundu haya nani kayashona? Mimi! Watoto thelathini wa kwaya ya parokia, mita mbili mbili. Fanyeni hesabu! Tangu Jumatatu linaning'inia juu ya vichwa vyenu. Usumani, kola hii nani kaipiga pasi?"

"Mimi, Bibi," alisema Usumani, na uso wake ukaharibika.

"Hiyo iko ya kudanganyia," Munyakazi alidakia. "Mimi naona kwamba..."

"Unaona, au unadhani?"

"Naona!"

"Kwa jicho gani? La kulia au la kushoto?"

Mtu mmoja alicheka, akameza kicheko haraka. Munyakazi alitoa daftari mfukoni. "Sawa. Basi nitaandika majina ya wanaokataa. Huko juu watapenda kuyajua."

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Usumani. Alimtazama Donatille. Akaiweka kalamu chini.

"Andika Usumani," alisema. "Kwa herufi kubwa, usije ukakosea mtu."

"Bibi," Nasiri alisema, "toa jina langu pale."

"Sahihi haifutwi!" Munyakazi alifoka.

"Nani kasema kufuta?"

Bibi aliinyakua barua, akaikunja kidogo, akaingiza ncha ya mkasi wake mdogo. Mara nne tu, kre, kre. Jina la Nasiri likadondoka kama kipande cha uzi. Akamrudishia Munyakazi barua yenye tundu safi, ambalo kifungo cha koti kingepita.

"Nitarudi," Munyakazi alisema akishuka ngazi.

"Rudi. Ila uje na mtu aliyeona."

Alipokwisha kupotea kwenye watu, Usumani alijaribu kupoza mambo. "Bibi, basi tutegee kitendawili, kama siku zote."

"Kitendawili."

"Tega!"

"Mgeni wangu ana mifuko miwili, mmoja wa aliyoyaona, mmoja wa aliyoyadhani. Akifika kwangu huyamwaga yote kwenye mkeka mmoja."

"Gazeti!" walijibu wote kwa pamoja.

"Ahaa! Mnajua! Na saa nzima iliyopita mlikuwa wapi?"

Ndipo mguu wa Donatille uliposimama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikata uzi kwa meno, akaliweka joho jipya mapajani mwa bibi.

"Bado kumi na tisa," alisema.

Bibi Nyirarukundo alichukua sindano. Hasira ilikuwa bado haijashuka, uzi ukagoma kuingia, mara ya kwanza, mara ya pili. Nasiri, aliyekuwa akiokota vifungo sakafuni, alipiga magoti mbele yake, akamtungia. Bibi aliipokea sindano. Hakumwambia asante.